Macho Ishirini Yaliyopungua

Kutoka mlango wangu wa Buzebazeba hadi meza yangu ya sokoni Ujiji kulikuwa na wazee saba wa kuamkia. Idadi naijua kwa sababu nilikuwa nawahesabu, kwenda na kurudi, kama ninavyohesabu samaki wangu wa migebuka, vikombe vya kuazimisha msibani na vifungo vya shati la mume wangu kabla halijaenda kwa dobi. Saba kwenda, saba kurudi. Shikamoo saba si kazi ndogo kwa mwenye beseni la dagaa kichwani, lakini ukimruka mmoja tu, habari inafika sokoni kabla ya dagaa.

Wa tano alikuwa mzee wa nyavu. Alikaa kwenye kibaraza cha ghala la tajiri mmoja wa mitumbwi, akishona nyavu zilizochanika, na usiku akalala humo humo ghalani juu ya nyavu alizozishona mchana. Chakula alikula kwenye sinia la nyumba ya tajiri pamoja na wengine. Alivuka kutoka Burundi miaka watu walipokuwa wakivuka, akakaa kambini, kisha siku moja akawa hayuko kambini, yuko Ujiji na sindano ya nyavu mkononi. Karatasi ya kumruhusu kuwa nje ya kambi hakuwa nayo. Sote tulijua, na hakuna aliyelisema, kwa sababu mtaa ulikuwa umeshamzoea. Mazoea ndiyo yalikuwa karatasi yake. Mtu akikuzoea hakuulizi umetoka wapi. Akianza kukutazama mara mbili, ndipo anapokumbuka kwamba kuna ofisi inayopokea habari.

Kwao Burundi mkubwa na mdogo wanaulizana amani tu, yeyote aanze. Hapa alikuta neno linalompa cheo bila kujaza fomu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini "Marahaba" aliisema vizuri kuliko mimi. Aliivuta, akaipamba, akaiweka mbele yako kama mwenye duka anayekukunjulia kitenge. Asubuhi nyingine nilipita polepole makusudi ili niisikie yote.

Mimi ni Mha wa Kasulu niliyeolewa Ujiji. Kiha changu na Kirundi vinaelewana bila kusumbuana, na kwa hiyo kituo kimoja cha afya, sikitaji jina, kiliniomba niwe mkalimani siku tatu za wiki. Zamani mkalimani alikuwa yeyote aliyekaa benchi la karibu na mlango. Nesi alitoa kichwa nje, akaita, "Nani hapa anajua Kirundi?" na mtu akatafsiri kwa sauti ya kuita wateja, huku foleni nzima ikisikiliza. Niliwahi kukaa benchi hilo na mafua yangu, nikarudi nyumbani nikiwa najua tumbo la nani limefanya nini tangu Ijumaa. Kwa hiyo sheria ilipokuja, mimi si miongoni mwa wale waliouliza ya nini.

Ilikuwa mwaka ule sheria ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika. Tuliitwa darasani sisi ambao si waganga lakini tunaingia vyumbani: mfagizi, mtunza majalada, mlinzi na mimi. Mwezeshaji alitoka mbali, na kompyuta yake ilikuwa na sheria nzima ndani.

"Taarifa za afya ni taarifa nyeti," alisema. "Mwenye nazo ni mgonjwa. Si daktari, si kituo, si mkalimani."

"Na mume wangu?" nikauliza.

"Mumeo ni mgonjwa wetu?"

"Hapana. Ni mdadisi."

"Humwambii."

"Hata nusu?"

"Nusu ya nini, mama?"

"Namtaja mtu, ugonjwa siutaji. Au nautaja ugonjwa, mtu simtaji."

"Mtu humtaji kabisa."

"Basi naondoka na ugonjwa peke yake."

"Ugonjwa peke yake, na watu wamemwona anatoka hapa, na wewe nyuma yake? Hapana, mama."

"Na akifa?"

"Hata akifa."

Nilikuwa sijawahi kukutana na kitu kisichoshuka bei hata kidogo. Wavuvi wa Kibirizi hushuka. Mafundi cherehani hushuka. Mume wangu alipoleta posa, upande wake ulitaka tushuke na upande wetu ukashuka. Sheria ile ilikaa pale pale ilipokaa, nami nikaiheshimu kwa hilo, kama unavyomheshimu mwuzaji anayekuacha uondoke bila kukuita.

Kisha akatupa kanuni za kufanyia kazi. Mojawapo ilikuwa hii: ukikutana na mgonjwa nje ya kituo, usimsalimie wewe kwanza. Mwache aamue mwenyewe kama anataka watu wajue mnajuana. Akikusalimia, jibu. Asipokusalimia, pita.

Nikaandika, nikapigia mstari. Siku hiyo niliuliza maswali kumi na moja, yote ya kutafuta mwanya. Swali la kumi na mbili, lililokuwa na maana kuliko yote, halikunijia. Halikumjia mfagizi wala mlinzi, na wote ni watu wa hapa hapa. Mkubwa hamwanzi mdogo. Mzee hawezi kuniamkia mimi. Ukimsubiri mzee aanze, mtasubiriana mpaka ziwa likauke.

Wiki iliyofuata mlango wa chumba cha ndani pale kituoni ulifunguliwa, akaingia mzee wa nyavu.

Alikuwa na nini, siandiki. Ewe unayesoma, usinipigie hesabu za dalili, sitazitaja. Nitasema hili tu: ni ugonjwa unaotibika ukinywa dawa kama ulivyoambiwa, na ni ugonjwa ambao mtaani kwetu ukitajwa, watu hukuondolea kikombe. Nilitafsiri neno kwa neno. Alipolisikia jina la ugonjwa alinitazama mimi, si nesi, kama kwamba mimi ndiye niliyelitunga. Kisha akauliza swali moja kwa Kirundi: "Nani mwingine atajua?"

"Hakuna," nikasema, kwa uhakika wa mtu mwenye cheti cha mafunzo.

Asubuhi yake nikatoka na beseni. Wa kwanza, shikamoo. Wa pili, wa tatu, wa nne. Nikafika kwa wa tano, mdomo ushafunguka, neno liko kwenye ulimi, nikaikumbuka kanuni yenye mstari chini yake. Nikafunga mdomo. Nikapita. Nyuma yangu sindano ya nyavu ikanyamaza.

Sokoni nilikuwa jirani na mwuza mawese, shoga yangu wa miaka mingi, mwanamke wa ukoo uliotoka Kongo zamani sana, mwenye macho ya kuona hata usichokifanya. Sijatua beseni.

"Mwenzangu, mzee wa nyavu kakukosea nini?"

"Nani kasema kanikosea?"

"Wa mihogo kakuona. Anasema umempita kama nguzo ya umeme."

"Nilikuwa na mawazo."

"Ya nini?"

"Ya bei."

"Bei haijawahi kukufunga mdomo, shoga. Ndiyo inayoufungua." Akasogea, akashusha sauti, na kidevu chake kikaelekea upande wa kituo. "Au kaja kwenu kule?"

Hapo ndipo niliponaswa, na naweza kukuonyesha kamba moja moja. Nikisema "hapana", ni uongo, na kesho akiniuliza juu ya mwingine itabidi niseme "hapana" tena, na keshokutwa tena, mpaka siku nitakaposita kidogo, na kusita kutamwambia kila kitu. Nikisema "ndiyo", nimevunja sheria na nimemvunja mzee. Nikisema "sheria hainiruhusu", nimepanda juu ya meza na kipaza sauti. Nikinyamaza, ni yale yale, bila kipaza sauti. Nikachagua kunyamaza na kuhesabu migebuka. Ilikuwa thelathini na miwili. Nikahesabu tena. Thelathini na miwili.

"Haya," shoga akasema, na ile "haya" sikuipenda.

Siku ya pili nikaamua kurekebisha. Nilipofika kwake nilitua beseni chini kabisa, nikapiga goti, nikasema shikamoo kwa sauti ambayo hata mzee wa sita, nyumba tatu mbele, aliitikia. Mzee wa nyavu akasema marahaba fupi, ya kukatwa na wembe.

"Leo umemwamkia kama mtu anayeagwa," shoga akanipokea. "Sasa ndiyo watu wanaogopa."

"Watu gani?"

"Unataka niwataje? Nawe wataje wa kwako."

Siku ya tatu nikapita na kuona kilichotokea. Watu wa tajiri walikuwa wanakunywa uji wa asubuhi barazani, vikombe vyao vimepangwa pamoja kwenye sinia. Kikombe cha mzee kilikuwa kando, juu ya jiwe, chenye kamba nyekundu kwenye kishikio. Kilikuwa kimetiwa alama. Hakuna aliyemfukuza bado, lakini walikuwa wameanza kumtazama mara mbili.

Mtu wa kumlaumu hayupo. Mwezeshaji alitufundisha alivyofundishwa. Sheria ilikuwa inamlinda mzee. Mimi nilikuwa naitii. Na kwa kuitii, nilikuwa nimemwambia kila mpita njia wa Ujiji kile ambacho sheria ilikataza nisimwambie hata mume wangu.

Alirudi kituoni siku ya dawa. Nesi alifunga mlango, akaanza kuhesabu vidonge. Nesi wetu alitoka Tanga, na Kirundi kwake kilikuwa kama mvua juu ya bati, yaani anasikia inanyesha, basi.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa mle ndani hakuna wa kutuona.

Hakuitikia. Alisema kwa Kirundi, "Ulinipita."

Nikamweleza kanuni. Aliisikiliza yote, akatikisa kichwa polepole kama fundi aliyeletewa wavu ulioshonwa na mtu mwingine. "Aliyeitunga hana babu?"

"Nitakuamkia tena kila siku," nikasema. "Watasahau."

"Hawasahau. Siku moja umeninyima, siku moja umepiga goti. Ukiendelea watasema unanionea huruma. Tajiri ameniuliza jana kama ninaumwa. Nimesema siumwi. Atauliza tena, na mara ya tatu atakuwa haniulizi mimi, atauliza ofisi. Watanirudisha kambini, na kule nitakuwa mgeni mwenye ugonjwa. Hapa nina kazi." Akavitazama vidonge vya nesi. "Watu wanataka sababu. Wape sababu nyingine. Sema tumegombana."

"Kwa lipi?"

"Wewe ndiye mfanyabiashara."

Nikafikiri. "Nitasema umenitukana."

"Kwa Kiswahili gani?"

Hilo lilikuwa kweli. Nikafikiri tena. Nilikuwa na kipande cha wavu alichonishonea mwezi uliopita, cha kufunikia dagaa kichanjani kunguru wasile. Tulikuwa tumepatana kiwe na macho mia mbili kwa upana. Macho ni yale matundu ya wavu. "Nitasema umenipunja macho," nikasema. "Tulipatana mia mbili, ukanipa mia na hamsini."

Akakasirika kweli. Hata jina la ugonjwa halikumkasirisha vile. "Hamsini! Mtoto anayejifunza anaweza kukosea matatu. Hamsini ni wizi. Sema matano."

"Matano hayamgombanishi mtu na mzee, Babu. Arobaini."

"Kumi."

"Thelathini, na nitasema macho yako siku hizi ni mazito."

"Macho yangu si mazito. Kumi na tano."

"Mnaongea nini?" nesi akauliza bila kuinua kichwa.

"Tunapatana, nesi."

"Dawa hazina bei."

"Si dawa."

Tukamaliza kwenye ishirini. Nikamweleza nesi yote, maana mkalimani hatakiwi kubaki na maneno mfukoni. Alimtazama mzee muda mrefu, akaniambia nimuulize kama ndivyo anavyotaka. Mzee akasema ndivyo. "Ugonjwa ni wake, na kuuficha anavyotaka ni haki yake," nesi akasema. "Lakini huo wizi wenu wa matundu mimi sijausikia."

Mchana huo huo nilimwambia shoga kwamba mzee wa nyavu amenipunja macho ishirini, na kwamba sitamwamkia mpaka anirudishie. Nilisema kwa hasira ya kutosha, si nyingi. Nilitegemea aulize maswali. Hakuuliza hata moja.

"Kumbe ni hilo!" akapiga kofi. "Nikajua tu! Mtu mzima unahesabu matundu ya wavu! Shoga, wewe siku ukifa utahesabu wabeba jeneza."

Mtaa mzima uliamini kabla ya magharibi. Hakuna aliyesema "hapana, yule mama hawezi." Ningekuwa mtu wa kutohesabu, uongo wangu usingesimama hata saa moja. Hilo liliniuma, nikalimeza.

Tukaishi hivyo kwa miezi. Asubuhi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha uso wangu unageukia ukutani, kisha wa sita. Watu wakamhurumia mzee kwa sababu yangu. Mwenye mihogo akamwekea kipande kila siku. Tajiri, ambaye mimi na yeye tuliwahi kubishania boksi moja la samaki hadi wakaoza nusu, alifurahi kupata mtu wa kunilaani pamoja naye. Kile kikombe chenye kamba nyekundu kilirudi kwenye sinia, na kamba ikakatwa. Nilikiona kwa pembe ya jicho, maana kugeuka sikuruhusiwa.

Wasichana walioniamkia zamani wakaanza kunipita. Mume wangu aliniuliza mezani, "Kweli umekosa mtu wa kugombana naye ukamwona mkimbizi?" Nilimwambia amalize ugali. Mama mkwe alinitumia salamu kutoka Gungu kwamba salamu hakunitumia.

Mahali pekee nilipoweza kumwamkia mzee ni kile chumba cha ndani, mara moja kwa mwezi, mlango umefungwa. Nilipiga goti kidogo, nikasema shikamoo kwa sauti ya chini, naye akaivuta marahaba yake yote. Nesi alisimamisha kalamu mpaka iishe. Chumba kilikuwa hatua tatu kwa nne. Niliwahi kufikiri kwamba ninaingia mle kumtafsiria mtu aliyebanwa na ugonjwa wake. Nikagundua tuko wawili.

Shoga hakuweza kuvumilia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akamwambia ni aibu mtu kumnyima mzee salamu kwa matundu, tukaitwa uani kwake Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole wa kofia na miwani, asiyependa kesi iishe bila kipimo.

"Wavu upo?"

"Upo," shoga akasema kabla yangu. Alikuwa ameshaupitia nyumbani kwangu.

"Basi hakuna maneno. Utahesabiwa. Mama, hesabu wewe kwa sauti, maana hutamwamini mwingine. Mzee ashike ukingo. Mwenye mawese aweke punje ya mahindi kila kumi."

Watu wakacheka. Nikakaa chini, wavu magotini, mzee mbele yangu ameshika ukingo, shoga pembeni na punje zake. Nyuma walisimama watu kama arobaini, na tajiri wa mitumbwi alikuwa mmoja wao, mikono nyuma.

Lazima nieleze nilichokuwa nakijua. Wavu ule niliuhesabu siku ile ile niliponunua, mara mbili. Ulikuwa na macho mia mbili na matatu. Matatu ya juu mzee aliniwekea nyongeza bila kuombwa, wala hakusema, nami nikanyamaza, nikidhani kakosea, asije akayadai. Kwa hiyo sasa nilikuwa na njia mbili. Nikiishia mia na themanini, uongo wetu unakuwa kweli mbele ya mwenyekiti, na mzee anakuwa mwizi mbele ya mtu anayemkabidhi nyavu zake zote. Tajiri hatamfukuza kwa ugonjwa, atamfukuza kwa wizi. Nikifika mwisho, mzee anabaki safi, na mimi ndiye niliyemsingizia mtu mzima, mkimbizi, aliyeniongezea.

Kwenye mapatano yetu chumbani hatukuwa tumefikiria kwamba kuna mtu atakayeomba kuhesabu.

Nikahesabu. Hamsini. Mia. Punje kumi. Mia na hamsini. Watu waliacha kucheka, ilikuwa inachosha. Nilipofika mia na sabini na tano niliinua macho, nikaona vidole vya mzee vinatembea. Alikuwa anaukunja ukingo kidogo kidogo ndani ya kiganja. Alikuwa na mikono mikubwa, ya kuvuta kamba miaka yote. Nilipotamka mia na themanini, ukingo uliishia kwenye ngumi yake. Ukiangalia haraka, wavu ulikuwa umekwisha. Alikuwa anatimiza ahadi. Alinitazama usoni kama mtu aliyekwisha kulipa na anasubiri risiti.

"Mia na themanini," mwenyekiti akarudia, akiandika.

"Babu," nikasema kwa Kiha, "fungua mkono."

Hakufungua. Nikamshika mimi. Nilikifungua kidole kimoja kimoja mbele ya watu wote, na kila kidole kilikuwa kinanigomea, kisha nikaendelea kwa sauti: mia na themanini na moja, mia na themanini na mbili. Mia na tisini. Mia mbili. Nikasimama hapo, nikavuta pumzi. Ningeweza kuishia hapo. Mia mbili na moja. Na mbili. Na tatu.

Zogo lililozuka sijawahi kulisikia hata siku mtumbwi wa harusi ulipopinduka na biriani.

"Kakuongezea! Mzee kakuongezea!"

"Miezi yote hiyo!"

"Na anauza samaki huyu! Hesabuni mafungu yenu, jamani!"

Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, una la kusema?"

"Nilikosea kuhesabu," nikasema. Ni sentensi ya maneno mawili tu na ilinitoka kwa shida kuliko watoto wangu.

"Mwombe radhi. Kisha mwamkie."

Nikapiga goti kwenye mchanga wa uani. "Shikamoo, Babu."

Mzee aliukunja wavu kwanza, polepole. Sijui kama alikuwa anaigiza. Kisha akaisema marahaba yake ndefu, iliyojaa, mchana kweupe, na watu wakampigia makofi yeye. Tajiri akamshika bega, wakaondoka pamoja.

Kwa mzee, mambo yalikaa sawa. Alimaliza dawa zake kwa miezi aliyopangiwa. Mtu aliyesingiziwa na akashinda hakuna anayemuuliza kama ni mzima. Kituoni nilimwambia nesi kwamba kuanzia sasa nitaamkia kila mzee wa mji huu, mgonjwa na asiye mgonjwa, na mwezeshaji akirudi aniulize mimi. Nesi akaandika barua. Jibu lilikuwa halijafika nilipoacha kuuliza.

Kwangu hayakukaa. Wateja walianza kurudia kuhesabu samaki mbele yangu, hata wale wasiojua kuhesabu, wanagusa tu mmoja mmoja na kunitazama. Neno likazuka sokoni: mtu akikosea hesabu, wanasema "kahesabu kama yule mama wa dagaa". Mume wangu akawa ananitolea ushauri. Na kumtetea yule niliyekuwa, mwenye hesabu zake, sikuweza. Kila utetezi ulikuwa na mlango wa nyuma unaoingia chumba cha ndani.

Siku moja, mvua imewafukuza wateja, shoga alivuta kigoda chake hadi upande wangu wa meza.

"Nilikuwa pale pale na punje zangu," akasema. "Nilimwona mzee akikunja mkono."

"Uzee. Ulikaza."

"Mtu aliyetimiza hafichi alichotimiza, shoga. Na mtu anayedai hamfungui mwenzake vidole ili apatikane yeye na kosa."

"Nilitaka kujua idadi."

"Wewe? Ulikuwa huijui?"

Mvua ilipiga turubai. Niliona anavyokwenda kichwani mwake, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kila ngazi anaikuta ilipo. Salamu niliyomnyima mzee. Kituo. Ugomvi uliotajwa baada ya goti na si siku ile ya kwanza. Mkono. Alikuwa amebakiza ngazi moja. Ningetikisa kichwa tu, ningepumzika. Nilikuwa na hamu ya kutikisa kichwa kama mtu mwenye njaa.

"Nilikosea," nikasema.

"Mara zote?"

"Mara zote."

Alinitazama mpaka nikaona haya. Kisha akasimama, akajifuta mikono yenye mawese kwenye kanga. "Haya. Na mimi wakiniuliza, nitasema ulikosea."

Nilikwenda kumuuliza nesi kama nimevunja sheria. "Umesema nini?" akaniuliza. "Nimesema nilikosea." "Basi hujasema kitu." Nesi ni mtu wa karatasi, na kwenye karatasi alikuwa sahihi.

Lakini tangu siku hiyo shoga haniulizi tena juu ya mtu yeyote, na wateja wakinicheka yeye ndiye anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha ananitazama haraka kuona kama amecheka vya kutosha. Tumo ndani ya chumba kile wote wawili, na hatuwezi hata kuambiana kwamba tumo.